Bela Haitengenezi Hei

Kila Januari mazungumzo ya wafugaji hapa Nakuru huwa yale yale. Maziwa yamepungua, nyasi ya napia imeungua ncha kwa jua, na bei ya robota moja la nyasi imepanda hadi mtu anaanza kuwatazama ng'ombe wake kwa jicho la mwenye bucha. Hapo ndipo picha huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: bela, yaani mashine ya kufunga nyasi marobota, nyekundu iliyopauka, gurudumu moja halina upepo, kuku wanapita chini yake. "Imetoka Uholanzi. Inafunga safi. Bei maelewano."

Safari hii mtu mmoja kwenye kundi letu aliuliza: "Na hiyo bela inakausha nyasi pia, ama inafunga tu?" Alichekwa siku mbili. Mimi pia nilicheka, kisha nikajiuliza ni wangapi kati yetu tungeweza kumjibu sawasawa. Maana nawajua watu walionunua bela kwa laki kadhaa wakiwa hawana cha kukatia nyasi wala mahali pakavu pa kuziweka. Jibu ni kwamba haikaushi. Inaokota nyasi ambazo zimeshakuwa hei, inazishindilia na kuzifunga kamba, basi. Hei yenyewe imeshatengenezwa, au imeshaharibika, kabla trekta haijawashwa.

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Hei ni nyasi zilizokatwa zikiwa bado za kijani, zikakaushwa upesi ili lishe ibaki ndani yake. Huku kwetu mara nyingi ni Boma Rhodes, zile zenye kichwa kama vidole vilivyotanuliwa. Wengine hukausha oti au lusini (alfalfa). Mabua ya ngano au ya shayiri ni kitu kingine kabisa. Hayo ni masalio ya kombaini, mashine ya kuvunia nafaka, kule Njoro na Mau Narok, na mmea ulishapeleka karibu kila kitu chake kwenye punje. Lakini hufungwa na mashine ile ile, yakapakiwa kwenye kanta ile ile, na kando ya barabara mgeni hawezi kuyatofautisha na hei iliyopauka. Mabua ya ngano yana protini asilimia 3 au 4 tu. Boma Rhodes zilizokatwa kwa wakati huwa na 8 hadi 10. Vijidudu vinavyosaga nyasi tumboni mwa ng'ombe huhitaji kama asilimia 7 ili kufanya kazi vizuri, kwa hiyo ng'ombe wa mabua matupu anaweza kushinda akitafuna na bado akakonda. Ukinunua barabarani, lifungue robota moja utafute majani. Ukiona vijiti vitupu vinavyong'aa vya dhahabu, hayo ni matandiko ya ndama.

Halafu kuna saileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufungiwa bila hewa yachache, ambayo watu huichanganya na hei kwa sababu zote mbili ni akiba. Fikiria omena, wale dagaa, na mursik, maziwa ya kibuyu. Omena huanikwa juani kandokando ya Ziwa Victoria hadi maji yaishe, na ndiyo maana haiozi. Mursik haikukaushwa hata kidogo. Imefungiwa kibuyuni ikachacha, na ule uchachu ndio unaoilinda. Hei ni omena, saileji ni mursik. Hei huharibiwa na maji, saileji huharibiwa na hewa. Ukikausha nusu halafu ukafunga robota, umepata kitu kisicho omena wala mursik, na kitanuka.

Sasa hayo maji ni mengi kiasi gani? Nyasi changa zina maji kama kilo 80 katika kila kilo 100. Hei ya kufunga inatakiwa kuwa na asilimia 15 hivi, 18 ukijitahidi kubahatisha. Chukua tani 1 ya nyasi mbichi. Ndani yake kuna kilo 200 tu za kitu kikavu. Ikishafika kiwango hicho cha asilimia 15, uzito wote uliobaki ni kilo 235. Zile 765 zimekwenda na upepo. Ni maji ya mitungi 38 ya lita 20, yametoka shambani kwako bila mtu kubeba hata mmoja, na ulichobaki nacho ni marobota 15 ya kilo 15 na kibaki kidogo. Kazi hiyo yote ni ya jua na upepo. Wewe kazi yako ni kuwaachia nafasi wafanye: kutandaza nyasi nyembamba, kuzigeuza zile za chini zije juu, na kuzikusanya mistari jioni ili umande usizilowanishe zote.

Na kwa nini iwe 15, si 30? Siku moja kata napia jioni uirundike karibu na boma. Asubuhi ingiza mkono katikati ya rundo. Ni moto. Nyasi zilizokatwa huendelea kupumua, na ukungu na bakteria nao wanakula sukari iliyomo, na kila anayekula anatoa joto na unyevu zaidi. Katika rundo la napia joto hilo linatoka, maana utalilisha kabla ya saa nne. Katika marobota 300 yaliyopangwa hadi darini halina pa kutokea, kila robota ni blanketi la mwenzake. Robota la kilo 15 lililofungwa likiwa na maji asilimia 30 limebeba lita 4 na nusu ndani. Joto likipita nyuzi 50 hivi, mambo yanaanza kwenda mrama. Likiendelea kupanda, nyasi zenyewe huanza kubadilika kikemia na kuzalisha joto bila msaada wa vijidudu, na mwisho wake unaweza kuwa moto. Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya kupanga. Ndiyo maana ghala likiungua usiku mkavu kabisa, wiki tatu baada ya mavuno, watu huanza kutajana majina na kukumbushana kesi za mpaka. Wakati mwingine mchomaji ni mwenye ghala mwenyewe, alifunga Ijumaa nyasi ambazo zingekuwa tayari Jumapili.

Hata kusipotokea moto, kuna hasara za kimya kimya. Ukungu unaweza kumtoa ng'ombe mimba, na vumbi lake huingia kwenye mapafu ya anayelisha, kwa hiyo ile desturi ya kukung'uta robota lenye ukungu kisha kulilisha haimsaidii yeyote. Kuna na udanganyifu wa harufu. Hei iliyopata moto kiasi hugeuka kahawia na kunukia kama tumbaku au sukari iliyoungua, na ng'ombe huila kwa pupa. Mwenyewe anafurahi. Kumbe joto limeibana protini na sehemu yake kubwa itapita tumboni hadi kwenye samadi. Hei nzuri inanukia nyasi, na rangi yake inavuta kijani.

Kipimo cha unyevu kinauzwa, ila kuna njia za bure. Mzee jirani yangu wa upande wa Rongai, ambaye amekausha nyasi tangu nikiwa shule ya msingi, huokota konzi kutoka chini ya mstari, si juu, anaisokota kama anayekamua nguo. Zikikatika kwa mlio, anaendelea. Kisha anachagua bua moja nene, anakwaruza kifundo kwa ukucha. Ganda likibanduka na ukucha ukapata ubaridi, anaitupa nyasi na kwenda zake kunywa chai. Nilimwuliza kwa nini kifundo, akaniambia, "Kijana, maji yakifukuzwa hujificha kwenye magoti." Njia nyingine ni ya chumvi: katakata konzi ya nyasi ndani ya chupa kavu yenye mdomo mpana, tia kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishikana vidonge au ikigandama chupani, rudi kesho.

Usije pia ukaenda upande wa pili. Wapo wanaoamini kwamba kadiri jua linavyozichoma ndivyo hei inavyokuwa bora, wanaziacha wiki nzima. Majani hukauka kabla ya mabua, na majani ndiyo yenye protini nyingi. Yakikauka kupita kiasi hupukutika kwenye reki, ukabaki unafunga mabua. Lusini ndiyo mbaya zaidi kwa hili, igeuze asubuhi ikiwa na unyevu kidogo.

Linalobaki ni wakati wa kukata, na hapa hakuna mwenye jibu safi, tuseme ukweli. Nyasi huwa na lishe nzuri zinapoanza kutoa maua, tuseme nusu ya shamba likiwa limechanua. Kwetu hilo huangukia katikati ya mvua. Mvua ndefu huanza Machi, na sehemu za juu kama Molo na Kuresoi haziachi kunyesha hata Agosti. Jua la kuaminika ni la Januari na Februari, na nyasi zikisubiri hadi hapo zimeshakuwa kuni. Wengi huchagua Januari kwa kuogopa mvua, ndiyo sababu hei nyingi sokoni ni nzuri kwa macho na duni kwa maziwa. Mimi hukata vipande. Nusu ekari nikiona siku tatu za anga safi, nikiiacha iliyobaki. Mvua ikinipata, nimepoteza nusu ekari. Hapa ndipo udogo wa shamba unapokuwa faida, kwa sababu mwenye ekari 100 hawezi kucheza hivyo. Na ukiona mawingu ya Menengai yanashuka saa saba mchana nyasi zikiwa zimenyauka tu, kusanya ukatekate, ushindilie kwenye mifuko ya plastiki uzitoe hewa, uifanye mursik.

Ndiyo sasa tufike kwenye mashine, na nitazipanga kinyume cha matangazo.

Kitu cha kwanza si bela. Ni cha kukatia. Kwa nusu ekari, panga na slesha zinatosha, au ile mashine ya petroli ya kubeba begani. Kuanzia ekari 2 mkono hautoshi, maana nyasi ulizoanza kukata Jumatatu zinakauka kupita kiasi wakati za Alhamisi bado mbichi, na huwezi kuzifunga pamoja. Mowa ya mtumba ya ngoma mbili ndiyo ninayompendekezea mtu. Ni chuma kizito, visu vyake vidogo vinabadilishwa kwa dakika chache, na haina mambo mengi ya kuharibika. Ile ya meno, inayokwenda mbele na nyuma kama mkasi wa kinyozi, ni nyepesi na inavutwa na trekta dogo, lakini inataka kunolewa kila mara na kichuguu kimoja kinaivunja. Ya kugeuzia? Uma wa mbao wenye meno matatu na vijana wawili. Reki ya magurudumu ya mtumba ni nzuri ukiipata kwa bei ya vyuma chakavu.

Cha kufungia kinaweza kuwa sanduku. Seremala yeyote atakutengenezea: urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45, halina kifuniko wala sakafu. Unatandaza kamba mbili chini, unajaza hei, unapanda juu yake unakanyaga, unajaza tena, unafunga, unalivua sanduku kama unavyotoa kalibu ya matofali. Ukikanyaga vizuri linatoka robota la kilo 20 hivi. Nimeona watu wakilidharau sanduku kisha wakaenda kukopa. Lakini hebu tuhesabu kwanza unahitaji marobota mangapi. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 12 za kitu kikavu kwa siku, karibu robota moja la kilo 15 kama hapewi kingine. Kiangazi cha siku 90 ni marobota 90 kwa ng'ombe, na ukichanganya na napia au saileji hiyo inaweza kushuka hadi nusu. Mwenye ng'ombe watatu anatafuta kati ya 135 na 270. Hiyo ni kazi ya sanduku, au ya kumwita mwenye bela aje akufungie kwa malipo ya kila robota.

Kwa mwenye hesabu za biashara, tuchukue mfano wa kubuni, nawe uweke namba zako. Una ekari 3, unakata mara 2 kwa mwaka, kila ekari inatoa marobota 120. Ni marobota 720. Wa kukodi anatoza shilingi 60 kwa robota, unamlipa 43,200 kwa mwaka. Bela ya mtumba inauzwa 450,000. Itachukua zaidi ya miaka 10 kurudisha pesa hiyo, na hapo sijatia kamba, dizeli, spea wala trekta, ambavyo yule wa kukodi anakuja navyo. Ili irudishe ndani ya miaka 3 lazima ifunge marobota 2,500 kila mwaka. Kwa hiyo swali la maana si kama bela ni rahisi, ni kama una majirani wa kutosha watakaokuita.

Tuseme unao. Bela ndogo ya marobota ya mraba inaendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, na matrekta yetu ya kawaida, Massey Ferguson 135 au 240, yanaiweza. Nyingi zilizoko zimezeeka kuliko wanunuzi wake, na hilo si kosa, zilitengenezwa nzito. Rangi isikutishe wala isikupumbaze. Moyo wa mashine hii ni vifungio viwili vilivyo juu ya chumba cha kushindilia, na hapo ndipo nawe upige magoti.

Kila kifungio kina kidude cha chuma chenye umbo la mdomo wa ndege. Robota likifikia urefu wake, sindano mbili zilizopinda kama pembe zinapanda kutoka chini zikileta kamba. Kisahani chenye pengo kinazishika ncha. Ule mdomo unazunguka mara moja, kamba inajiviringisha juu yake, mdomo unafunguka, unauma ncha mbili, kisu kinakata, na mkono wenye kisu hicho unauvua mzunguko wa kamba kutoka mdomoni na kuwa fundo. Yote haya ndani ya kufumba na kufumbua. Mdomo ukiwa na kutu, kamba haichomoki na inakatika. Springi yake ikilegea, ncha hazing'atwi. Kisu kikiwa butu, fundo linatoka na manyoya upande mmoja.

Mimi na jirani tuliponunua yetu, kifungio cha kushoto kilikuwa kinakosa kila robota la tatu. Aliyetuuzia alisema ni kamba zetu. Tukanunua kamba nyingine ya mkonge, tena ya bei, na bado ikawa vile vile, tukawa tunafunga kwa mikono hayo yanayofunguka huku wingu likitukaribia. Fundi alipokuja hakugusa spana. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ule mdomo, akanyamaza, akanishika kidole nami nipitishe. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa kutu kama chembe ya mchanga. Akausugua kwa msasa laini nusu saa nzima, akakaza springi, akanoa kisu. Kamba zetu hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo unapokwenda kuangalia bela, nenda na fundi na kamba yako mwenyewe. Zungusha gurudumu zito kwa mkono, trekta likiwa limezimwa, na uachilie vifungio vifanye kazi polepole mbele ya macho yako uone sindano zinapita bila kugusa kitu. Kisha usikubali kuonyeshwa ikizunguka tupu, kwa kuwa kila bela inazunguka. Dai ifunge nyasi halisi, marobota 20 hivi, uhesabu mafundo. Tazama pia bolti moja kwenye lile gurudumu. Imetengenezwa iwe dhaifu makusudi, ikatike mashine inapokwama kabla kitu cha thamani hakijavunjika, sawa na fyuzi ya umeme nyumbani. Na kama wanavyofanya wale wanaochomeka waya mahali pa fyuzi, wapo wanaoweka bolti ngumu ili isiwasumbue. Ukikuta hiyo, jiulize nini kingine kilivunjika badala yake. Na mkono wa mtu usiingie kwenye vifungio au kwenye meno ya kuokotea injini ikiwa inanguruma, hata kwa sekunde moja, hata kama fundi mwenyewe anafanya hivyo.

Neno la kamba: ya plastiki ni imara, ila ikisahaulika kwenye hori ng'ombe huimeza na haitoki tumboni. Ya mkonge inaoza yenyewe. Vifungio vilivyorekebishwa kwa moja huenda visiipende nyingine, basi chagua moja ubaki nayo.

Marobota yakiisha kufungwa, yapange juu ya mbao au mawe, yasiguse sakafu wala ukuta, na uache vipenyo vya upepo kati ya safu. Yapange kwa ubavu, kamba zikitazama pembeni, panya wasizifikie kirahisi. Halafu kwa wiki sita za kwanza, weka nondo ya mita moja na nusu imechomekwa katikati ya rundo. Kila jioni baada ya kukamua mimi huichomoa na kuishika ncha yake kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, naiacha. Siku moja ilinichoma, tukawaita vijana saa mbili usiku, tukayatoa marobota yote nje na kuyatandaza uani hadi asubuhi. Yale ya katikati yalikuwa yanafuka mvuke.